Hoja na Hujja katika Nchi ya Mandera

Mji wa Mandera, uliokaa ukingoni mwa Kenya pale mto Daua unapokutanisha nchi tatu, aghalabu hutajwa magazetini kwa habari za risasi na ukame, na ni nadra kwa mwandishi kukumbuka ya kwamba wenyeji wake, Wagarre, Wadegodia, Wamurule na wenzao, walikuwa na elimu ya kujadiliana zama nyingi kabla ya ubao na chaki kufika kwao.

Elimu hiyo ni ile ya shir, baraza la wanaume waliobaleghe lililokaa kivulini mwa mti, ambamo hapakuwa na sultani wala jumbe wa kuamuru, bali kila mwanamume mzima alikuwa na haki ya kunena juu ya malisho, kisima, ndoa iliyovunjika au damu iliyomwagika. Na kwa kuwa Kisomali hakikupata hati rasmi ya kuandikiwa mpaka mwaka 1972, hujja zote zilihifadhiwa vifuani, akasikilizwa zaidi yule aliyekumbuka hukumu za wazee waliopita, ada za xeer, yaani sheria ya mila, na mashairi ya kale. Diya, yaani fidia ya damu, ya mwanamume, ambayo kwa desturi ni ngamia 100, haikupatikana ila baada ya upande kujibu upande siku kwa siku, mpaka hasira zikachoka kabla ya ndimi. Kijana alikaa nyuma akisikiliza, na sidhani kama mwalimu yeyote wa mijadala, pamoja na mwenyekiti wake, katibu wake na mtunza saa wake, amepata kubuni zoezi gumu kuliko hilo. Lakini mwanamke hakuwa na nafasi barazani, na aibu hiyo haifai kusitiriwa.

Serikali ya Kiingereza iliifunga nchi ile mwaka 1926, mtu asiingie wala asitoke bila kibali, ikaongeza mwaka 1934 sheria iliyowapa wakuu wa wilaya uwezo mkubwa juu ya watu na mienendo yao, na shule zikachelewa mno. Chama cha vijana wa Kisomali, SYL, kilichojaribu kuupeleka ufasaha wa shir katika siasa, kilipigwa marufuku mwaka 1948. Kisha, mwaka 1962, ikaja tume ya watu wawili kusikiliza wenyeji watakacho. Wakanena kwa utaratibu, wengi wao wakitaka kuungana na Somalia, na tume ikaandika hivyo hivyo, walakini London ikaamua vinginevyo. Baada ya hapo hoja ilifuatwa na bunduki hadi 1967, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa mpaka 1991. Mtu aliyeshinda kwa hujja kisha akanyimwa haki yake haachi kuuliza hujja zina faida gani.

Jibu moja lilitoka Wajir jirani, ambako vita vya koo vilipozidi, wanawake, miongoni mwao Dekha Ibrahim Abdi, walianzia sokoni kuzuia uhasama usiingie, kisha wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee hao wakatia saini Azimio la Al-Fatah. Dekha alitunukiwa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007. Waliofungiwa nje ya shir ndio walioirudishia heshima yake.

Shule za Mandera zilipata pigo mnamo 22 Novemba 2014, wanamgambo walipowaua abiria 28 wa basi lililotoka mjini humo, wengi wao wakiwa walimu, na walimu wengi waliotoka mikoa mingine wakaomba kuhamishwa. Mwaka mmoja baadaye, 21 Desemba 2015, basi jingine lilisimamishwa karibu na El Wak, na abiria Waislamu wakaamriwa wajitenge na Wakristo. Wakakataa. Mwalimu Salah Farah, naibu mwalimu mkuu wa shule moja ya Mandera, alikuwa miongoni mwa waliowajibu wenye bunduki ya kwamba wawaue wote pamoja au wawaache wote, hujja fupi isiyo na mlango wa kutokea, ambayo naiona ni ya shir hasa. Abiria walio wengi waliokoka. Yeye alipigwa risasi, akafariki Januari 2016.