Mvua ya Ituri Inasomwa Kairo

Mwaka 2020 Ziwa Albert lilipopanda na kuingia nyumba za watu kule Kasenyi na Tchomia, Bunia mzima tulisema neno moja: haijawahi kutokea. Koko yangu, baba ya mama, akanikatiza: "Ilitokea. Mama yako alikuwa bado mgongoni."

Mimi na diploma yangu ya historia sikumwamini. Nikaenda kutafuta.

Mwisho wa 1961 mvua ilipiga Afrika Mashariki nzima. Ziwa Victoria likapanda karibu mita 2.5 hadi 1964, na maji yake, kama munavyojua, yanashuka kwa Nile mpaka Albert. Ng'ambo, Butiaba, ambako Waingereza walipima ziwa tangu 1904, bandari yenyewe iliharibiwa na maji. Na sababu ya 1961 ndiyo ile ya 2019: Bahari ya Hindi ilipata joto upande wa Afrika, ikapoa upande wa Indonesia. Basi koko alisema kweli.

Ila kilichonishangaza zaidi ni ukame. Kairo, kwenye kisiwa cha Roda, kuna kipimo cha Nile kilichojengwa mwaka 861. Mafuriko ya kila mwaka yalikuwa yanatoka Ethiopia; yakiisha, maji kidogo yaliyobaki mtoni mengi yalikuwa ya maziwa yetu. Njo maana miaka ambayo maji yalipungua sana kule Roda, wanahistoria wameilinganisha na masimulizi ya njaa ya Waluo, wale ambao safari zao zilileta Waalur hapa Ituri. Tarehe zinabishaniwa mpaka leo, nami ningeenda nazo polepole. Lakini fikiri: mtu wa Misri anaandika kipimo chake, hajui kwamba anaandika jua la Mahagi!

Na sisi wenyewe? Ukituuliza historia ya Ituri, tunaanza na vita ya 1999. Vita imekula kalenda yote. Waliokimbilia ziwani walijenga penye nafasi, na nani angewaonyesha maji ya 1964 yalifika wapi?

Yaya yangu naye alinunua kiwanja Kasenyi, 2016. Maji yakalala humo. Nilimuuliza koko kwa nini hakumkataza.

"Nilisikia ameshalipa," akasema. "Hakuna aliyeniuliza maji ilifikaga wapi."