Joto la Kiti na Fyuzi Iliyosahaulika

Wiki hii nataka tuzungumze habari za kiti. Kiti cha ubunge na cha udiwani tuwaachie wenyewe, maana wasemaji wake ni wengi. Mimi nazungumzia kiti cha pikapu.

Mwezi wa saba, alfajiri moja, nilipanda pikapu pale Nassa nikielekea Bariadi. Upepo ulikuwa unavuma kutoka Ghuba ya Speke na kila mtu kituoni alikuwa amejifunika, huyu kanga, yule koti, mwingine gunia. Mimi kwa heshima ya mvi zangu nikapewa kiti cha mbele. Dereva akaniamkia, "Mwangaluka, baba," nami nikaitika. Kisha akabonyeza swichi ndogo chini ya usukani, akasema kwa majivuno, "Subiri kidogo, baba. Utaona raha yake."

Baada ya dakika chache nikahisi joto likipanda kutoka chini yangu, kama mtu aliyekalia jiwe lililoshinda juani. Nilishtuka, naye akacheka sana. Akanieleza kwamba mgongo unamsumbua kwa miaka mingi. Hospitali walimshauri apumzike na ajikande kwa maji ya moto. Kupumzika hawezi, kwa sababu gari ni la tajiri na hesabu inatakiwa kila jioni. Kujikanda nako hana nafasi, maana saa kumi na moja alfajiri tayari yuko barabarani. Basi ndugu yake wa Dar es Salaam akamletea vitambaa vyenye nyaya ndani, vya kupasha viti joto kwa umeme wa gari. Fundi akavua kava za viti vyote viwili, akavitandika vile vitambaa juu ya sponji, akarudishia kava, akavuta waya mpaka kwenye betri. Kazi ya nusu siku.

Tulipopita Lamadi na kushika barabara ya Bariadi, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Dereva naye akaisikia. Akasimamisha gari pembeni, akaruka chini na spana mkononi, akafungua boneti na kuchomoa waya wa betri. Tulipoinua kiti tukakuta waya umeyeyuka ganda lake lote mahali ulipokuwa unasagwa na chuma cha kiti, na sponji imeanza kuwa nyeusi. Ingepita dakika nyingine mbili au tatu, ningekuwa na habari nyingine ya kuwasimulia, au nisingekuwa na habari kabisa.

Nilipolisimulia jambo hili mjini, watu walicheka. Mtu wa Nassa, wakasema, anapasha kiti joto? Si angekikalia tu saa saba mchana? Mimi sikucheka nao. Kukanda kiungo kinachouma ni dawa ya bibi zetu, na huyu kijana alichofanya ni kumtafuta bibi wa kumkanda huku akiendesha.

Wala wazo hilo hakulianza yeye. Mwaka 1966 kampuni ya Cadillac ya Marekani ilikuwa inauza kiti cha kupashwa joto kwa umeme, kama nyongeza kwa wenye fedha zao. Mwaka 1971 Saab ya Sweden, nchi ambayo wakati wa baridi kiti cha gari hukaliwa kama barafu, ikaanza kukifunga katika magari ya kawaida. Leo magari mengi yaliyotumika yanayotoka nchi za baridi huja na swichi hiyo, yenye picha ya kiti na mistari mitatu ya mvuke, na madereva wetu wengi hawajui ni ya nini. Na kama ni baridi, hata sisi tunayo. Anayepakia viazi Makete au Njombe usiku wa mwezi wa sita hatakicheka kiti hicho.

Kosa basi halikuwa joto. Kosa lilikuwa kitu kidogo kuliko ukucha. Kiti kimoja cha namna ile hula umeme wa wati kama 50 hivi. Kwa betri ya volti 12, hiyo ni kama ampea nne. Ni umeme mdogo, na waya mwembamba unauweza. Lakini betri ya gari ina nguvu ya kutoa ampea mamia kwa mara moja, ndiyo maana inazungusha injini asubuhi. Waya ukichubuka na kugusa bodi, betri haijui kwamba wewe uliomba ampea nne tu. Inamwaga zote ilizo nazo, na waya unageuka kuni. Ndiyo sababu kati ya betri na waya hukaa fyuzi, ya ampea kumi tuseme, ambayo kazi yake ni kufa kwanza ili vingine vipone. Fundi wetu alifunga vitambaa, akafunga swichi, akafunga waya. Fyuzi akaiacha. Gari liliwaka joto bila hiyo, mteja akalipa, kila mtu akaenda zake.

Sasa wakati tunahangaika na kiti, abiria wa nyuma walishuka. Nilikuwa sijawahesabu tangu Nassa. Walikuwa kumi na mmoja. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, wanafunzi wawili, mzee mwenye kuku, wengine na magunia yao. Walikuwa wamekaa juu ya mabenchi mawili ya mbao, chini ya bomba zilizochomelewa na turubali. Mimi nilikuwa ninapashwa joto mbele, wao wanapigwa na upepo wa ziwa nyuma yangu umbali wa kioo kimoja. Nikayatazama yale mabenchi, nikaona nayo ni kazi ya fundi, na nayo imefungwa bila fyuzi.

Hapo ndipo historia inapoingia, msikilizaji. Ford alipoanza mwaka 1925 kuuza gari lake la Model T likiwa na bodi ya mizigo kutoka kiwandani, kwa dola 281, alikuwa anamfikiria mkulima wa Marekani na magunia yake. Land Rover ya mwaka 1948 ilikusudiwa shamba, na Toyota Hilux ya mwaka 1968 ilikusudiwa mizigo midogo. Wote hao waliweka watu mbele na mizigo nyuma. Sisi huku Afrika Mashariki tulikuwa na watu wengi kuliko mizigo, na mabasi machache kuliko watu. Kwa hiyo mafundi wetu wakaanza kufanya kile ambacho kiwanda hakukifikiria: wakafunga viti nyuma.

Kule Kenya magari hayo yakaitwa matatu, kwa sababu ya senti thelathini, zile peni tatu za kumi kumi, zilizokuwa nauli yake. Peugeot 404 yenye bodi nyuma ilikuwa maarufu sana katika kazi hiyo. Kwa muda mrefu zilikimbizana na polisi, mpaka mwaka 1973 Rais Kenyatta alipozikubali zibebe abiria bila leseni ile iliyodaiwa mabasi.

Kwetu mambo yalichelewa. Kampuni ya mabasi ya Dar es Salaam ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 ikazaliwa UDA kwa usafiri wa mjini, na KAMATA kwa safari za mikoani. Nia ilikuwa njema. Lakini mafuta yakapanda bei, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vikala fedha za kigeni, vipuri vikaadimika, na mabasi yakalala gereji. Watu hawakulala. Magari ya mizigo yakafungwa mabenchi marefu, na kwa kuwa abiria walikaa wakitazamana kama wateja wa kibanda cha mama ntilie, yakaitwa chai maharage. Mwaka 1983 serikali ikakubali kwamba magari ya watu binafsi yabebe abiria Dar es Salaam, na nauli ya shilingi tano, yaani dala, ikatupa jina la daladala. Mwaka 1984 mlango ukafunguliwa kwa wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa kutoka nje, na katika miaka iliyofuata pikapu zikajaa mitaani. Zanzibar nako pikapu zikaezekwa paa, zikawekwa mabenchi, zikawa ndizo daladala za mji na shamba.

Na Nassa? Sisi tuliokulia huko, wakati huo kukiwa bado Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza, kabla ya Mkoa wa Simiyu kuzaliwa mwaka 2012 na kutuweka Busega, tunajua kwamba huko gari lilifuata pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima viliungana katika Victoria Federation, ambayo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mkubwa, na malori yakawa yanafika hata mahali ambapo basi halijawahi kufika. Lori lilikuja kuchukua pamba, likaondoka na pamba na watu juu yake. Mgonjwa alipanda juu ya pamba. Bibi harusi alipanda juu ya pamba. Hakuna aliyeona ajabu, maana njia nyingine ilikuwa miguu. Vyama vikuu vilipovunjwa mwaka 1976, vikaja kurudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, zoea lile lilikuwa limekwisha kuota mizizi. Pikapu ilipokuja, ikarithi abiria wa lori.

Nawaeleza haya ili tusiwalaumu wasiostahili. Fundi aliyefunga benchi la kwanza hakuwa mjinga. Aliona mama anatembea na mgonjwa maili ishirini, akachukua mbao na boliti, akatengeneza jibu. Serikali mbili, ya Nairobi na ya Dar es Salaam, zililikuta jibu hilo barabarani na mwishowe zikalikubali. Lakini angalieni zilikubali nini. Zilikubali nauli. Zilikubali njia. Benchi lenyewe, limefungwa kwa nini, mtu anashika wapi, gari likisimama ghafla nini kinamzuia, hayo yaliachwa kwa utingo na Mwenyezi Mungu.

Hesabu yake si ngumu. Gari la kilometa 60 kwa saa linakwenda karibu mita 17 kila sekunde. Likigonga ng'ombe au mti na kusimama, wewe uliye nyuma bila mkanda husimami. Unaendelea na mita zako 17. Ni sawa na mtu aliyedondoka kutoka dirisha la ghorofa ya nne. Kila mmoja wetu anamjua aliyedondoka hivyo bila kupanda ghorofa yoyote.

Je, fyuzi inaweza kufungwa baadaye, wakati gari limekwisha kuwa barabarani miaka mingi? Wakenya walijaribu. Mwaka 2003 Waziri John Michuki alitoa kanuni, na Februari 2004 zikaanza kutumika: kila kiti cha matatu kiwe na mkanda, gari liwe na kidhibiti cha kilometa 80, abiria wasisimame. Matatu ziligoma, watu wakatembea kwa miguu kwenda kazini, na bado mikanda ikafungwa. Kwamba baadaye wengi walilegea ni kweli. Lakini ilionekana kwamba kitu hicho kinawezekana, na kwamba anayekidai lazima avumilie kelele za siku chache.

Najua nitakavyojibiwa, maana nilijibiwa palepale kando ya barabara. Nilimwambia yule mama mwenye mtoto kwamba sheria haipendi watu wakae vile nyuma. Akaniangalia kwa adabu, akasema, "Baba, ni kweli. Lakini hii ikikatazwa leo, mimi na mtoto tutafikaje kliniki?" Sikuwa na jibu, na mimi nilikuwa nimetoka kukalia kiti cha moto. Trafiki akiikamata pikapu ile na kuishusha watu wote porini, hajaokoa maisha ya mtu. Amehamisha tu hatari kutoka kwenye benchi hadi kwenye bodaboda, au kwenye yale magari madogo tunayoyaita michomoko, ambako watu wanne hukalishwa kiti cha watatu na dereva hugawana kiti chake na abiria.

Ninachosema ni hiki. Benchi lina haja ya kweli nyuma yake, kama vile kile kitambaa cha moto kina mgongo wa kweli unaouma. Tusianze kwa kung'oa. Tuanze kwa kuuliza fyuzi iko wapi. Halmashauri inayotoza ushuru stendi ina uwezo wa kukagua kama benchi limefungwa kwa boliti kwenye bodi au limewekwa tu. Tajiri anayedai hesabu kila jioni ana uwezo wa kununua mikanda. Na sisi tunaopewa kiti cha mbele kwa ajili ya mvi zetu tuna uwezo wa kugeuza shingo na kuhesabu waliopo nyuma kabla gari halijaondoka. Wakizidi, tuseme. Mzee akisema, dereva husikia.

Tulirudi Lamadi taratibu, swichi imezimwa. Fundi mwingine akavuta waya mpya, mnene kidogo, akaupitisha ndani ya mpira usisagwe na chuma, akaweka rilei ili kiti kisile betri ufunguo ukitolewa, na karibu kabisa na betri akaweka fyuzi. Katika hesabu yote ya siku ile, fyuzi ndiyo iliyokuwa na bei ndogo kuliko vitu vyote.

Dereva akalipa. Abiria kumi na mmoja wakapanda tena nyuma, wakakaa mahali pao palepale. Mimi nikampa yule mama kiti cha mbele, nikaenda nyuma. Mpaka Bariadi nilishikilia bomba la turubali kwa mikono miwili, na sikuona kitu kingine cha kushika.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.