Wiski, Kasha na Kuli

Ukipita barabara ya Kilwa kutoka Mbagala mpaka huku kwetu Mchukwi utayaona makontena: mengine yako juu ya malori, mengine yametobolewa dirisha yakawa maduka ya soda. Umewahi kujiuliza yalianzaje? Mimi nilijiuliza, na jibu likanifikisha kwenye wiski ya Waskoti.

Zamani wiski ilisafiri baharini kwenye makasha ya mbao. Kuli analibeba, linatiwa wavuni, winchi inalipandisha, linapangwa tumboni mwa meli. Likifika ng'ambo kazi ni ile ile, kinyumenyume. Mikono yote hiyo! Kasha moja "linaanguka", chupa mbili hazionekani. Kwenye magati ya New York udokozi huu ulivuma mpaka watu wakatania kwamba ujira wa kuli ni dola zake za siku pamoja na wiski kadiri anavyoweza kubeba.

Ndipo akaja Malcom McLean, tajiri wa malori kutoka North Carolina. Tarehe 26 Aprili 1956 meli yake, Ideal-X, iliondoka Newark kwenda Houston na makasha 58 ya chuma. Kupakia tani moja kwa mikono kuligharimu dola 5.86, kwa kasha lake, senti 16 hivi. Mwaka 1966 meli nyingine ya kampuni yake, Fairland, ikavuka Atlantiki mpaka Grangemouth, Uskoti, kwenye wiski yenyewe. Wenye wiski wakafurahi bwana! Kasha linapigwa lakiri kiwandani, halifunguliwi mpaka lifike kwa mnunuzi. Wengine waliisafirisha kwenye matangi ya chuma, ikatiwe chupani huko huko Marekani. Haya, dokoa tangi.

Ila mimi sicheki sana. Lakiri ile ilimfungia nje mdokozi, na kuli akafungiwa nje pamoja naye. Makuli wa Dar es Salaam walipogoma Septemba 1947, na wa Unguja mwaka 1948, bandari zilisimama kwa sababu bila migongo yao hakishuki kitu. Shafi Adam Shafi aliugeuza mgomo wa Unguja kuwa riwaya, Kuli, ya mwaka 1979.

Hata deltani kwetu shehena ilipita mikononi mwa watu. Alan Villiers, baharia Mwaustralia, alifika mwaka 1939 na jahazi la Kuwait kuchukua boriti za mikoko. Boriti huhesabiwa kwa korija, ishirini ishirini, kila mtu anaona.

Leo kijana wa Mchukwi akienda bandarini Dar kutafuta kibarua anakuta uzio. Nataka kumwandikia riwaya yake, lakini naanzia wapi? Shafi alikuwa na gati lililojaa watu, matusi yao na nyimbo zao. Mimi nina mwendesha winchi mmoja, juu kule, peke yake na redio ya mkononi.