Kidole Tumbo na Elimu ya Kuutambua Ugonjwa Wake

Wahenga walisema, "Mficha maradhi kilio humfichua." Lakini yako maradhi ambayo mgonjwa hayafichi, bali yenyewe hujificha. Mojawapo ni ugonjwa wa kidole tumbo. Kidole tumbo ni kipande chembamba cha utumbo, kilichoning'inia mwanzoni mwa utumbo mpana, chini upande wa kuume. Tundu lake likiziba, huvimba na kufanya usaha. Kisipotibiwa mapema huweza kupasuka na kueneza sumu tumboni. Tabibu hawezi kukiona kwa macho. Hana budi kukisia kwa dalili. Basi historia ya ugonjwa huu ni historia ya kujifunza kukisia vema.

Mwaka 1735, mjini London, Claudius Amyand alikata kidole tumbo cha mvulana wa miaka 11 kilichotobolewa na pini, na mvulana akapona. Hata hivyo, kwa muda mrefu matabibu hawakujua kuwa hapo ndipo chanzo cha usaha ule uliowaua wengi. Mwaka 1886, Reginald Fitz wa Boston alikitaja chanzo hicho na kuhimiza upasuaji wa mapema. Mwaka 1889, Charles McBurney wa New York alionyesha mahali hasa ambapo kidole cha tabibu kikibonyeza, mgonjwa huumia kuliko penginepo. Hata wafalme hawakusalimika: mwaka 1902, kutawazwa kwa Edward wa Saba wa Uingereza kuliahirishwa siku mbili tu kabla ya sherehe, ili atolewe usaha huo.

Katika Afrika Mashariki, Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji Uganda tangu mwaka 1946, aliona kuwa ugonjwa huu ulikuwa nadra miongoni mwa watu wa vijijini. Mwaka 1971 aliandika kwamba huenda sababu ni chakula chao chenye makapi mengi. Lakini uchache si kutokuwapo. Katika nchi yetu ya chai, zahanati ya Tenwek ilianza mwaka 1937, na daktari wa kwanza wa kukaa, Ernest Steury, hakufika ila mwaka 1959. Kabla ya hapo, mwenye tumbo lililopasuka angepata wapi mpasuaji wa karibu?

Mwaka 1986, Alfredo Alvarado alitunga hesabu ya alama 10. Maumivu yaliyohama kutoka kitovuni hadi chini kuumeni, alama 1, kukosa hamu ya chakula, 1, kichefuchefu au kutapika, 1, kuumia mahali hapo pakibonyezwa, 2, maumivu kuzidi mkono uondolewapo ghafula, 1, homa, 1. Chembe nyeupe za damu zikizidi, 2; na aina yake moja ikizidi sehemu yake ya kawaida, 1. Zikifika 7, shaka ni kubwa. Zikiwa 5 au 6, mgonjwa huangaliwa kwa makini. Tazama, msomaji: alama 7 kati ya hizo hupatikana kwa maswali, mikono na kipimajoto tu!

Lakini hesabu huweza kudanganya, hasa kwa wanawake, ambao maradhi ya kizazi huwaumiza papo hapo. Ndipo picha zinapofaa. Mwaka huo huo wa 1986, Julien Puylaert wa Uholanzi alieleza jinsi ya kubonyeza tumbo kwa chombo cha mawimbi ya sauti: utumbo mzima hubonyea, kidole tumbo kilichovimba hakibonyei. Mashine ya CT, iliyompiga picha mgonjwa wa kwanza mwaka 1971, huonyesha zaidi, ila ni ghali na hutumia mionzi.

Kutoka Boito hadi kwenye mashine ya namna hiyo ni safari. Kwa hiyo elimu ya kwanza ni ya nyumbani. Mtoto akilia tumbo, na maumivu yakahamia kuumeni, asipewe haluli, wala asingojee kupambazuke, apelekwe hospitali. Picha na hesabu ni za tabibu, lakini saa ya kuondoka nyumbani iko mikononi mwetu.