Nani Ameshika Ule Upande Mwingine wa Waya?

Nilipoacha chuo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuendesha projekta kwenye ukumbi mmoja Donholm. Projekta ilikuwa imefungwa juu kwenye dari, na rimoti ilipotea kitambo. Jamaa aliyenionyesha kazi alichomeka waya wa RS-232 kwenye kompyuta, akaandika PWR OFF, akabonyeza enter. Ukuta ukawa giza.

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu, buda."

Waya wenyewe ni wa zamani. Kanuni zake zilitolewa Marekani mwaka wa 1960. Herufi hupita ndani yake kwa foleni, biti moja nyuma ya nyingine, kama abiria wakipanda matatu. Kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, amri kama ile inaweza kupita mara 120 kabla sekunde moja iishe. Projekta ile hujibu kwa alama ya nukta mbili, kumaanisha iko tayari kwa amri nyingine. Haikuulizi wewe ni nani wala nani amekutuma.

Hapo ndipo nilianza kuielewa historia yetu ya redio na runinga.

Jumapili, Agosti 1, 1982, wanajeshi wa anga kutoka kambi za Eastleigh na Embakasi waliiteka Voice of Kenya. Eastleigh, yaani hapa hapa kwetu. Walimlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali ya Moi imepinduliwa. Siku hiyo hiyo wanajeshi watiifu waliitwaa stesheni, na Mbotela akatangaza kwamba Moi bado yuko mamlakani. Mathe, ambaye wakati huo alikuwa mtoto Bahati, husema walisikia serikali mbili kutoka redio moja. Sauti ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni nani alikuwa amesimama nyuma ya maikrofoni na bunduki.

Januari 30, 2018, zamu ikawa yetu. Raila Odinga alikuwa anaapishwa Uhuru Park kuwa "rais wa wananchi". Nilikuwa kibandani Umoja na chai na mandazi mbele yangu, Citizen ikakatika. Tukampigia mwenye kibanda kelele, tukidhani hajalipia king'amuzi. Kumbe maafisa wa serikali walikuwa wamefika kwenye mitambo ya kurushia matangazo, Limuru. NTV, KTN News na Inooro nazo zilizimwa.

Februari 1, Mahakama Kuu iliagiza stesheni zirudishwe. NTV na KTN zilirudi Februari 5, Citizen Februari 8. Projekta yangu hutii kabla sijapepesa jicho. Kwa Citizen, agizo la jaji lilichukua siku saba.

Juni 25, 2025, Mamlaka ya Mawasiliano ilikataza maandamano yasionyeshwe moja kwa moja, na NTV na KTN zikazimwa. Mahakama Kuu ilisimamisha agizo hilo siku hiyo hiyo.

Kwa hivyo skrini ikizimika tena Kayole au Dandora, usianze na kugongagonga runinga. Mtambo hautawahi kumuuliza aliyeuzima kama ana haki. Swali hilo tumeachiwa sisi, na jaji, na ni lazima liulizwe mapema, kabla chai haijapoa.