Mswaki: jina lililofika Kalehe bila mti wake

Ndugu wasomi wa Kalehe, wa kule juu milimani na wa huku chini kandokando ya ziwa, leo tuongee historia ya kitu ambacho kila mmoja wetu amekishika asubuhi hii, au alipaswa kukishika. Mswaki.

Ukiingia butiki yoyote ya Ihusi au Minova ukaomba mswaki, utapewa kijiti cha plastiki chenye nywele za nailoni. Wengine wanaita burosi, lakini ukisema mswaki utaeleweka. Na hapo njo historia inaanza, kwa sababu mswaki ni mti. Wataalamu wa mimea wanauita Salvadora persica: mti mdogo wa nchi kavu, wa Uarabuni, Somalia, Turkana. Ukikata mzizi wake na kutafuna ncha, nyuzi zake zinafunguka zenyewe kama brashi. Sasa niambieni, nani kati yetu ameuona ukimea kwenye milima yetu, ambako mvua inanyesha miezi mingi ya mwaka? Sisi tulichukua jina, mti ukabaki kwao.

Jina lilikuja kwa miguu. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara wa pwani ilipita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa Tanganyika, ikajikita Nyangwe na Kasongo kule Maniema. Walikuja kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na jambo hilo tusilipake asali. Lakini walikuwa Waislamu, na kwa Mwislamu kusafisha kinywa kabla ya sala ni jambo ambalo Mtume alilihimiza sana. Neno la Kiarabu la kijiti hicho lilikuwa limekwisha kuwa Kiswahili kabla misafara haijaondoka pwani. Vita vya 1892 hadi 1894 vilimaliza utawala wao mashariki ya Kongo, ila lugha haikuondoka nao. Wabelgiji waliikuta, wakaitumia kazini, wamisionari wakaitumia shuleni. Naona njo vile neno lilivyopanda mpaka kwetu, likiwa limeacha mti wake nyuma.

Angalieni pia kitenzi. Watu wa pwani wanapiga mswaki. Sisi tunasukula meno, neno lile lile la kusukula nguo na sahani, na Walingala nao wanasema kosukola. Jina la pwani, kitenzi cha bara. (Hata sambaza zetu si wenyeji: waliletwa kutoka Tanganyika na kutiwa ndani ya Kivu mwaka 1959. Leo nani atamwambia mvuvi wa Kalehe kwamba samaki wake ni mgeni?)

Basi wazee wetu, kabla ya plastiki, walisukula meno na nini? Mama yake na mama yangu alivunja kajiti ka mubirizi, akakatafuna mpaka kakawa laini, akasugua huku akikunja uso kwa uchungu wake. Siku nyingine alisaga makaa. Kuna wasomi wanaolisikia hilo na kucheka, na kuna wengine, hasa kwenye mitandao, wanaosema wazee hawakuoza meno kwa sababu ya miti shamba. Mimi sikubaliani na upande wowote. Miaka ya 1980 watafiti walipima zaidi ya watu 1,000 kule Machakos, Kenya. Walikuta utando na ukoga karibu kwenye kila kinywa, na bado wengi walikuwa na meno yao mengi, hata wenye umri mkubwa. Kijiti kilisaidia pale kiliposugua. Lakini kilichowalinda wazee zaidi, naamini, ni kitu ambacho hakikuwepo kwenye sahani yao: sukari.

Mwaka 1890 Mmarekani mmoja aliyefanya kazi Berlin, Willoughby Miller, alieleza jambo ambalo mpaka leo linasimama. Vijidudu vya kinywani vinakula sukari na wanga, vinatoa asidi, na asidi hiyo njo inayotoboa jino. Si mdudu anayetafuna kama funza ndani ya hindi, kama tulivyoambiwa tukiwa wadogo. Mlo wa bugali, maharage, sombe na sambaza ulikuwa na wanga, ndiyo, lakini ulikuja kwa saa zake na kuondoka. Kisha sukari ikapata makao hapa hapa Kivu ya Kusini: kiwanda cha Kiliba, kwenye tambarare ya Ruzizi, kilianza miaka ya 1950 na kilisimama vita ilipofika mwaka 1996. Kiwanda kilisimama, sukari haikusimama. Inaingia kwa mipaka yote. Chai ya asubuhi vijiko vitatu, bombo kwa mtoto asilie, Fanta kwenye kila harusi, biskuti mwanafunzi akikosa pesa ya kula vizuri. Kinywa chetu kimebadilika kuliko cha wazee, halafu wengi wetu tunasukula kama wao au chini yao: mara moja, asubuhi, haraka haraka, tukitafuta harufu nzuri ya kutokea nje.

Kuna jaribio moja ambalo napenda kila mwanafunzi alijue, maana lilifanywa hasa juu ya wanafunzi. Mwaka 1965, Aarhus nchini Denimaki, Harald Löe na wenzake walichukua watu 12 wenye fizi nzima, wengi wao wanafunzi wa udaktari wa meno. Wakawaambia: acheni kusafisha meno. Kabisa. Kisha wakawa wanawapima. Kati ya siku 10 na 21 wote 12 walikuwa na fizi zilizovimba. Hakuna aliyepona kwa kuwa kijana, wala kwa kuwa alizijua dawa zote za kitabuni. Waliporudia kusafisha, uvimbe ukaondoka baada ya siku chache tu. Kabla ya hapo ilikuwa rahisi kusema fizi zinazotoka damu ni za uzee, za ukoo, au za kukosa vitamini fulani. Aarhus walionyesha kwamba chanzo cha kawaida ni ule utando mweupe unaojengeka pale jino linapokutana na ufizi, na kwamba mkono wa mtu mwenyewe unaweza kuuondoa. Kwa hiyo ndugu, ukiona damu kwenye mate usiache kusugua mahali pale. Wengi wanaacha, eti wanapumzisha ufizi. Ndivyo utando unavyopata nafasi.

Nailoni ya mswaki wetu haina hata miaka 100: ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1938, na kabla yake Wazungu walitumia nywele za nguruwe. Dawa ya meno ina hadithi ndefu zaidi, na sehemu yake moja inatuhusu sisi watu wa bonde la ufa. Mwanzoni mwa karne ya 20, huko Colorado, daktari wa meno Frederick McKay alishangaa kuona watoto wenye meno ya kahawia yasiyooza kwa urahisi. Mwaka 1931 ikajulikana kwamba sababu ni floraidi nyingi ndani ya maji. Meno ya kahawia ya namna hiyo njo yale tunayoyaona kwa ndugu zetu wa Arusha, na hata kwenye vijiji vilivyo chini ya moshi wa Nyiragongo. Madini yakizidi yanachafua rangi. Yakiwa kidogo yanaimarisha jino. Kutoka hapo ikazaliwa dawa ya meno yenye floraidi, iliyoanza kuuzwa Marekani nzima mwaka 1956. Makaa hayana floraidi, hata yakisagwa vizuri namna gani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, OMS, liliingiza dawa ya meno yenye floraidi kwenye orodha yake ya dawa za lazima, orodha ile ile yenye dawa za malaria. Geuzeni tyubu, someni herufi ndogo: kiasi kinachotakiwa ni 1000 hadi 1500 ppm. Kama haijaandikwa, mnanunua povu na harufu.

Wengine watauliza kama hii ni habari ya kuandikia watu wa Kalehe, pamoja na vita na njaa tulivyo navyo. Mimi nasema ni kwa sababu ya hivyo hivyo. Kuna ugonjwa unaitwa noma. Unaanza kama kidonda cha ufizi kwa mtoto wa miaka 2 hadi 6, mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, na kinywa chake hakisafishwi. Usipotibiwa mapema unakula shavu kwa siku chache, na wengi wanakufa. Ukigunduliwa mwanzoni unatibika kwa antibiotiki za kawaida, chakula na kusafisha kinywa. OMS iliuingiza kwenye magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika Desemba 2023, jana tu. Watoto wa wakimbizi wa ndani, wanaolala kwenye madarasa na kwa familia za watu, wana karibu kila kinachoulisha ugonjwa huo. Nani anawafungua midomo na kuangalia?

Nabakiza uzi wa meno. Levi Parmly, daktari wa New Orleans, aliwashauri wagonjwa wake uzi wa hariri mwaka 1815. Wakati wa vita vya pili vya dunia nailoni ikachukua nafasi ya hariri. Ushahidi wake si mzito kama wa mswaki na floraidi, hata Wamarekani waligombana juu yake mwaka 2016. Lakini mswaki hauingii kati ya meno, na utando unaingia. Niliuuliza kwa mwenye butiki mmoja pale Minova. Alifikiri kidogo, akanitolea kibunda cha nailoni ya kushonea nyavu za sambaza, akaniuliza nataka mita ngapi.