Ulimi wa Damu

Ulimi wa Damu ni dhehebu la siri la kubuni katika *Masks of Nyarlathotep*, mkasa wa mchezo wa mezani wa kutisha *Call of Cthulhu*, ulioandikwa na Larry DiTillio na Lynn Willis na kuchapishwa Marekani na Chaosium mwaka 1984. Wachezaji, wakiigiza wapelelezi wa mwaka 1925, hufuatilia msafara wa Wamarekani uliotangazwa kuangamia Kenya mwaka 1919. Waumini wa Ulimi wa Damu humwabudu Nyarlathotep, kiumbe cha mwandishi H. P. Lovecraft, katika umbo lenye mkonga mwekundu mahali pa uso, na humtolea kafara za watu kwenye Mlima wa Upepo Mweusi.